Kura yangu haimfikii kaka yangu

Leo nimegundua kwamba siwezi kumpigia kura kaka yangu wa damu.

Kaka Daudi anagombea kiti cha Kongresi kule Texas, tulikoishi kabla sijahamia Stockholm. Mimi bado ni raia wa Marekani, napiga kura kwa anwani yangu ya zamani.

Asubuhi karatasi ya kura imefika. Jina lake halipo.

Nikampigia simu.

“Mipaka ya majimbo ya uchaguzi imechorwa upya,” akasema. “Mtaa wako umepelekwa jimbo la jirani. Nilikosa namna ya kukwambia.” Kisha akaongeza, “Ila mtaa wa Rehema sasa uko kwangu. Niombee kura yake.”

Sasa, Rehema naye ametoka Texas, anapiga kura kwa anwani ya huko kama mimi, na tunafanya naye kazi nyumba ya wazee hapa Stockholm, mtaa wa Husby. Tulikuwa tumenuniana tangu aliposema Daudi huwakumbuka watu wakati wa kura tu.

Nikamfuata jikoni kazini.

“Rehema, habari za siku?”

Akanitazama. “Na wewe umenikumbuka kwa sababu ya kura?”

Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Nikamweleza yote hata hivyo.

“Nimeshapiga,” akasema.

“Ulimpa nani?”

“Hiyo yangu.” Halafu akanimiminia chai, akavuta kiti, akaniuliza mama anaendeleaje.

Tukakaa mpaka mapumziko yakaisha. Siasa hatukuigusa tena.

Niko kwenye treni narudi nyumbani Hallunda, kukaa siwezi, kusimama siwezi. Daudi anapiga simu tu, anataka jibu.

Ninyi mngekuwa mimi, mngemwambia nini?