Waya wa Chini ya Ngazi

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, kigari changu kilikuwa lazima kiwake. Siku nyingine kingeweza kununa kitakavyo. Kazi yangu ilikuwa kusambaza mashuka kwenye nyumba za kulelea wazee, na mashuka hayafi yakichelewa. Bosi angefoka, nami ningemjibu. Lakini siku hizo tatu nilikuwa nampeleka mama hospitali ya Jette, hapa Brussels, kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Kitanda chake kilimngoja saa kumi na mbili na nusu. Aliwahi kukosa zamu moja tu, na kesho yake nilimwona amevimba uso, anavuta pumzi kwa mabega, anazama huku amekaa kwenye kiti. Tangu hapo usingizi wangu wa mkesha wa zamu ulikuwa wa mang'amung'amu.

Hospitali walitupatia gari la wagonjwa liwe linamchukua. Nililikataa mimi. Mama yangu abebwe na watu asiowajua, asubirishwe kwenye korido kama kifurushi, na mimi mwanawe nina gari uani? Niliwaambia wasirudi, na niliwaambia kwa ukali, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nasema mambo yote. Mtumai cha nduguye hufa maskini, nikajisemea, nikajiona mwerevu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Koekelberg, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao. Ghorofa ya chini alikaa mzee mmoja wa Kibelgiji, msemaji wa Kiholanzi, mjane, fundi aliyestaafu. Ua wa nyuma ulitosha gari moja, naye hakuwa na gari tena, kwa hiyo aliniachia mimi. Mama alimwita papa, naye alimwita mama yangu madame, na kila mmoja aliridhika na Kifaransa kibovu cha mwenzake.

Baridi ile iliingia Jumapili moja ya Januari. Haikuja na theluji; ilikuja kavu, bila upepo, na hilo ndilo lililonitisha. Bomba la uani liliganda. Ndege wanaopiga kelele kwenye ukuta wa jirani hawakusikika. Jumatatu alfajiri nilimkalisha mama kwenye gari, nikazungusha ufunguo, injini ikakohoa mara mbili, ikakata kauli.

Tulikwenda kwa teksi, tukafika dakika za mwisho. Niliporudi nilimkuta yule mzee amelala chali chini ya gari langu, miguu nje, amevaa koti juu ya pajama.

"Oili yako imekuwa asali," akaniambia. "Betri haina ubaya mkubwa. Injini ndiyo inataka kupashwa moto kabla hujaiamsha."

Akaingia ndani, akatoka na kidubwana cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, chenye sumaku upande mmoja na waya mrefu. Kilikuwa kipasha injini. Ujanani alifanya kazi kaskazini ya mbali, akitengeneza pikipiki za theluji, zile zisizo na magurudumu, zinazoteleza. Kule baridi inafika digrii arobaini chini ya sifuri, na kila injini inalala na kipasha chake, imefungwa waya ukutani kama ng'ombe zizini. Akanionyesha pa kukibandika, chini ya bakuli la oili, na pa kuchomekea: soketi iliyokuwa chini kabisa ya ngazi zetu, waya ukipita chini ya mlango wa uani.

"Kila jioni gusa plagi kwa mkono," akasema. "Usiamini macho. Mwenzangu mmoja alifikia kwenye kibanda cha mbali, akachomeka, akaenda kulala. Plagi haikuwa imeshika. Tulimkuta siku ya pili yake, amekaa juu ya pikipiki yake, mikono kwenye usukani."

Nilicheka kidogo, kwa sababu Brussels si kule. Yeye hakucheka.

Hapa sina budi kueleza tabia moja ya mama. Alikuwa halali mpaka achomoe kila kitu: runinga, birika, redio, hata chaja ya simu yangu nikiisahau. Friji aliiachia kwa shingo upande. Kwetu Bujumbura umeme ukikatika hurudi na hasira, na usiku mmoja ulirudi kwa jirani yetu wakiwa wamelala, nyumba ikaungua na watu wawili ndani. Mmoja alikuwa mwanamke, na mama ni mmoja wa waliomwosha. Hakuwahi kutusimulia alichokiona. Alianza kuchomoa tu.

"Hapa umeme haukatiki, mama," nilimtania mara nyingi.

"Huo wenye haukatikaka ndio mubaya kabisa," alinijibu. "Haukupi hata alama."

Jumanne jioni nilipochomeka kipasha aliniuliza kile ni nini. Nikamwambia ni moto wa injini, unalala umewaka mpaka asubuhi. Akauliza, "Umewaka, na sisi juu?" Nikamwambia aache uoga, hii ni Ulaya. Nikagusa plagi kwa mkono. Ilikuwa imeshika.

Jumatano alfajiri waya ulikuwa chini, umechomolewa. Haukuwa umeng'oka kwa bahati mbaya. Ulikuwa umekunjwa mviringo, umewekwa vizuri pembeni ya ukuta. Injini ilikuwa baridi ya kaburi. Nilipiga kelele, mzee akatoka, akaleta kipulizo cha hewa moto cha kukausha rangi, akalala chini kwenye barafu akaipulizia injini kwa karibu saa nzima. Gari liliwaka, lakini tulifika tumechelewa sana, na kwa kuwa mgonjwa mwingine alingoja kitanda kile, mashine ya mama ilizimwa kabla ya wakati. Muuguzi alinivuta kando. Alisema maji yameanza kukaa kifuani. Alisema Ijumaa nisichelewe hata dakika.

Nani alichomoa? Tulikuwa watu watatu tu kwenye ngazi zile. Mama nilimshika kwapani kila alipoteremka, hatua moja moja, tukipumzika katikati, hata sikumfikiria. Na mzee alikuwa amelalamika Jumanne ileile kwamba mlango wa uani haufungi sawasawa kwa sababu ya waya, baridi inaingia kwake. Basi nikajumlisha nilivyotaka. Jioni hiyo nilimgongea mlango, nikamwambia maneno ambayo hata sasa yananichoma. Nilimwambia anajifanya malaika wa asubuhi kumbe usiku ni mchawi. Nilimwambia mama yangu akifa nitajua pa kuja.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye kitasa.

"Mimi?" akasema. "Mimi nichomoe waya?"

Halafu akafunga mlango polepole. Wahenga walisema hasira hasara. Mimi nilikuwa naisema hiyo kwa wengine.

Alhamisi nilinunua mkanda mpana wa gundi, ule mgumu wa kufungia maboksi. Jioni nikachomeka kipasha, nikaizungushia plagi na soketi mkanda mara kumi, kumi na tano, nikabana kwa kisu. Nikapanda juu kwa kishindo ili mzee asikie.

"Leo mchawi atakoma," nikamwambia mama mezani. "Hata yeye na koleo hatoi."

Mama alikuwa na kikombe chake kidogo mkononi. Kwa sababu ya figo aliruhusiwa nusu lita ya maji tu kwa siku nzima, na jioni alikuwa anayalamba tu, ayafikishe usingizini.

"Na ikishika moto?" akauliza.

"Haishiki."

"Wewe unajua?"

"Mama, nyamaza! Unataka ufe? Waya ule ndio uhai wako. Atakayeugusa nitamvunja mkono."

 Aliweka kikombe chini, akaniambia nikapumzike, macho yangu mekundu. Nililala fofofo, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kengele ya simu ilinigutusha saa kumi na nusu. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa. Taa ya bafuni imezimwa. Birika limechomolewa, redio imechomolewa. Mlango wa nje ulikuwa umeegeshwa tu, na baridi ya ngazi ilikuwa inaingia pale kwenye upenyo. Niliita mara moja, kisha sikutaka kuita tena. Nilishuka bila viatu.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, koti juu ya kitenge, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, anaikazia macho plagi. Miguuni pake palikuwa na beseni letu la bluu, limejaa maji. Sijui alilishushaje ngazi zote zile bila kulimwaga. Usiku kucha, na kiu ile, alikaa na maji ambayo hakuruhusiwa kuyanywa, na juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wa barafu. Kwenye mkanda wa gundi palikuwa na alama za kucha, na kucha zake mbili zilikuwa zimepasuka.

"Mama."

Aligeuza kichwa polepole sana. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nilijaribu kuitoa, nikashindwa," akasema. "Alors, basi, nikasema niikalie macho. Ikishika moto, maji haya hapa."

Maji juu ya umeme. Nilipiga magoti, nikamshika mikono. Haikuwa mikono ya mtu aliye hai.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Ungekasirika," akasema.

Mlango wa mzee ulifunguka. Aliangalia beseni, akaangalia mkanda, akamwangalia mama, na nadhani alielewa kabla yangu nani aliyechomoa Jumatano.  Alivua koti lake akamfunika, akaenda uani, nikamwona anapitisha mkono chini ya gari.

"Injini ina moto," akasema.

Iliwaka kwa mguso wa kwanza. Sijawahi kuisikia laini namna ile. Tulipita chini ya kanisa kubwa la basilika, barabara tupu, na hewa ya joto ikaanza kutoka mara moja, na mama akainyooshea vidole vyake vyenye kucha zilizopasuka. Nilikuwa nalia na kuendesha. Nilimwambia anisamehe. Alisema niangalie barabara.

Tulifika mapema kuliko siku zote. Muuguzi alipompima joto aliniuliza alikuwa wapi usiku, nikamwambia ngazini. Hawakumrudisha nyumbani. Baridi ilikuwa imeingia kwenye mapafu ambayo tayari yalikuwa na maji, na homa ikapanda jioni ileile.

Nilipotoka hospitali nilimgongea mzee mlango. Niliomba radhi kwa maneno machache, kwa sababu mengi niliyamaliza Jumatano. Alikuwa amekwisha kata mkanda kwa wembe na kuuchomoa waya. Aliniambia yule mwenzake aliyegandia kule kaskazini alikuwa kaka yake. 

Kila jioni, baada ya mashuka, nilikwenda Jette kukaa na mama. Kila jioni, hata siku ambazo pumzi ilimtosha kwa sentensi moja tu, aliitumia sentensi hiyo kuniuliza.

"Umechomoa?"

"Nimechomoa, mama."

Ndipo alipokuwa akifumba macho. Iliendelea hivyo wiki mbili na siku kadhaa, mpaka barafu ya bomba la uani ikayeyuka na ndege wa ukutani wakarudi. Jioni moja nilifika, nikavuta kiti, nikamshika mkono, nikangoja aniulize. Mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa inafanya kazi, lakini mama hakufumbua macho. Nilingoja mpaka muuguzi akaja kuniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Nikainama sikioni pake nikamwambia, "Nimechomoa, mama."