Uso wa Mlangoni

Kikosini walimwita Tazama Hapa, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyowaambia watuhumiwa kwa muda wote aliokuwa mpiga picha wa polisi. Tazama hapa, geuka kulia, geuka kushoto, haya, mwingine. Taa aliiacha juu kabisa, ikimmulika mtu utosini, na ndiyo maana picha zake zote zilifanana: macho yamezama, mashavu yamebonyea, kila mtu ana sura ya jambazi hata kama kosa lake ni kuendesha baiskeli usiku bila taa. Mwenyewe alikuwa akitania kwamba hata malaika akipita chumbani mwake atatoka na uso wa mhuni. Siku hizi amestaafu, mkewe alifariki zamani, magoti yanamsumbua, na angekaa zake nyumbani kwa amani lau si habari za jumba la makumbusho ya polisi.

Jumba hilo lilikuwa porojo tupu kwa miaka. Serikali ilitoa kituo cha zamani, na paa lake linalovuja, kisha ikanawa mikono. Katibu wa kamati ya kulianzisha, inspekta mstaafu, mama asiyejua kukata tamaa, alizunguka na mchoro wake ofisi hadi ofisi mpaka viatu vikaisha soli. Aliahidiwa mengi, akapewa chai. Ndipo akajitokeza Mzee Milango, tajiri wa milango ya chuma na makufuli, mtu ambaye, tuseme ukweli, nyumba yake imejengwa na wezi. Akasema atagharimia kila kitu, ila kwanza aone kitakachoonyeshwa.

Tazama Hapa akaitwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua makasha ya picha yamepangwaje. Wakazimwaga mezani. Mzee Milango akazipekua kama anachagua nyanya, akachomoa moja.

"Hii," alisema. "Hii ikae mlangoni, ijaze ukuta. Na mabango ya barabarani yawe na uso huu huu. Mkinipa hii, nawapa jumba."

Ilikuwa picha ya msichana aliyeshika kibao cha namba kifuani. Nywele zimechanwa, kola imenyooka, mwanga unamjia taratibu kutoka ubavuni. Anamtazama mpiga picha kama anayengoja kuambiwa neno. Tazama Hapa aliitambua mara moja, kwa sababu msichana yule ni mwanawe wa kumzaa.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake alipofariki, binti alilelewa na shangazi yake ng'ambo ya mji, kwa hiyo pale kituoni hakuna aliyemjua. Akapata kazi ya kuuza katika duka la vitambaa, majora yakapotea ghalani, mwenye duka akamleta polisi. Utaratibu wa kikosi ulijulikana: askari akiletewa ndugu yake, anasema, anatoka nje, na kazi inafanywa na mwenzake. Mwenzake wa siku hiyo alikuwa pande la mtu lenye tabia ya kuwashika watu kidevu na kuwageuza shingo kama anafunga bomba. Baba akanyamaza ili abaki. Akamchana binti nywele kwa kitana chake mwenyewe, akamnyoosha kola, akaishusha taa na kuisogeza pembeni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mwingine. Alijiona amemtendea mema. Majora yakaja kuonekana kwa shemeji wa mwenye duka, kesi ikafutwa, na habari za siku ile hawakuzigusa tena, si baba si binti. Leo binti ni mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo, ana mume na watoto, na wote hao hawajui lolote.

Siku kadhaa mzee alishinda ameshika tama. Akinyamaza, uso wa mwanawe utapanda ukutani, na wazazi wa shule wana macho. Mwisho akapiga moyo konde, akaenda ofisini kwa Katibu. Kwa bahati mbaya Mzee Milango naye alikuwepo.

"Naomba ile picha msiitumie," alisema.

"Kwa nini, kaka yangu?" Katibu aliuliza. "Ndiyo iliyotuletea pesa."

"Yule ni binti yangu."

Katibu alivua miwani. Naye alikuwa mama wa watu, na kwa muda Tazama Hapa alidhani mambo yamekwisha. Lakini Mzee Milango alikuwa ameshasimama, anatabasamu.

"Kumbe umekalia dhahabu, mzee," alisema. "Baba anampiga picha mwanawe akiwa chini ya ulinzi. Katibu, andika hilo chini ya picha. Watu watalia kabla hawajaingia ndani."

"Hakuiba kitu. Kesi ilifutwa."

"Tutaandika na hilo."

"Bwana, nimekuja kuomba iondolewe, sikuja kuiongezea maneno."

"Picha ni mali ya kikosi. Na bila picha hiyo, mimi na pesa zangu tunarudi nyumbani."

Katibu akaivaa tena miwani yake bila kumtazama mtu. "Nisamehe, kaka," alisema. "Nimeshabisha hodi kila mahali."

Bango la kwanza lilitundikwa njia panda wiki iliyofuata. Binti akapiga simu alasiri, sauti iko chini, kama amejifungia chumbani.

"Baba, nimeliona bango. Wameandika kwamba mimi ni mwanao."

"Niliwaambia mimi, mama. Nilidhani nikisema wataitoa."

"Wazazi wamekuja shuleni. Bodi imesema nikae nyumbani kwanza."

Hapo mzee akamweleza yote: utaratibu, yule mwenzake mwenye mikono mizito, kitana, taa. Alieleza kwa haraka, maneno yakigongana. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mambo ya taa sikuyajua, Baba," alisema. "Yule mwenzako angenigeuza shingo apendavyo, nisingejali. Nilisimama pale nikikungoja useme tu, huyu ni mwanangu."