Dirisha la Chumba cha Chini

Mimi shule niliishia darasa la nne, na nyumba yangu ya Oxon Hill, huku ughaibuni, niliinunua kwa kupaka rangi nyumba za wenye digrii. Nalisema hili mwanzoni asije mtu akadhani sikuielewa sheria. Niliielewa vizuri. Ukipangisha chumba, kaunti inataka ujiandikishe upewe leseni, na kabla ya leseni aje mkaguzi aitazame nyumba. Miaka mingi nilikaa kimya kama wengine. Kisha mwenye nyumba mmoja wa mtaani kwetu akapigwa faini, na binti yangu akanishikia bango kwa Kiingereza chake kila akipiga simu. Nikaenda ofisi za kaunti, Upper Marlboro, nikapanga foleni.

Wapangaji wangu walikuwa wawili. Juu alikaa kijana mwanafunzi kutoka Dar, ambaye nilikuwa namwona mlangoni tu, akivaa viatu atoke. Chini, kwenye besmenti ambayo nusu yake imo ardhini, alikaa mama mmoja wa Kakamega. Kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ya wazee iliyo karibu, mwendo wa miguu. Chumba kile nilikijenga mwenyewe, ukuta, sakafu, choo, mpaka taa. Alikuwa amekaa humo miaka sita. Mke wangu alipofariki, ni yeye aliyepika msiba mzima, Mkristo yule katikati ya hitima yetu, kajifunga kanga kichwani.

Kasoro ilikuwa moja. Dirisha la chini lilikuwa la kupitisha paka. Nilijua mkaguzi hatalikubali, kwa hiyo pale ofisini nilitaja chumba cha juu tu. Mama nikamwambia, "Alhamisi anakuja mtu wa serikali kukagua nyumba." Basi. Kumwambia ajifungie, azime taa, asikohoe, mdomo ulikataa. Mtu aliyeosha sufuria za msiba wako humwambii ajifiche.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, tepu ya kupimia kiunoni. Alitazama chumba cha juu, akajaribu king'ora cha moshi, akaandika. Mimi wakati wote nasikia harufu ya kuku ikipanda kutoka chini na sielewi. Alikuwa ameshavaa kofia yake aondoke, mlango wa ngazi ukafunguka. Mama katokea na gauni la kanisani.

"Mzee! Unaachilia mgeni aende hivi hivi?"

"Ana haraka, Mama."

"Haraka gani? Nimeamka alfajiri kupika kuku mzima, ugali uko mezani. Kwetu mgeni wa serikali akitoka na njaa, boma lote limeaibika."

Nilimkata jicho. Akadhani namwonea choyo kuku wake. Akamgeukia mkaguzi kwa Kiingereza, karibu, karibu. Yule bwana akacheka, akasema kazi yake haimruhusu kula kwa watu, ila atashuka amsalimie vizuri.

Chini, meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na birika la kunawia lilikuwa tayari. Mkaguzi akasifu harufu. Halafu macho yake yakaenda kitandani, kutoka kitandani yakaenda dirishani, na mkono ukaenda kwenye tepu.

"Mama analala humu?"

"Miaka sita sasa," Mama akajibu, "na huyu Mzee hajanisumbua hata siku moja." Alikuwa ananisifia.

Mkaguzi akaniuliza taratibu, bila ukali, "Moto ukizuka kwenye ngazi, atatokea wapi?"

Nikalitazama lile dirisha nililoliweka mwenyewe.

Amri ikawa asilale mtu pale mpaka dirisha lipanuliwe, na kwanza ziletwe ramani na kibali. Kutoboa ukuta naweza, lakini kibali ni miezi. Nikamwambia Mama achukue chumba changu, mimi nitalala kwenye kochi.

"Mzee, wewe umefiwa na mke, mimi niko peke yangu, tulale juu pamoja? Kanisani wataniombea mpaka nihame dini." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kwani ungeniambia, ungepungukiwa na nini?"

"Nikuambie nini?"

"Nifunge mlango. Ningefunga."

Kuku yule hatukumla. Jumapili nilimpeleka Mama Woodbridge, mbali ng'ambo ya mto, kwa mpwa wake, mizigo yote ikaenea kwenye pikapu yangu kwa safari moja. Gari hana, na kutoka huko hadi kazini kwake hakukuwa na basi la kumfikisha. Kazi akaiacha.

Kibali kilipotoka nilitoboa ukuta mwenyewe. Mkaguzi akarudi, akapima, akaridhika, leseni ikaja. Baadaye Mama alipitia kuchukua sufuria yake kubwa. Akashuka, akasimama pale jua linapoanguka sakafuni.

"Sasa hata sukuma wiki ingeota humu," akasema.

Nikamwambia arudi. Akasema mpwa amejifungua na yeye ndiye anayelea, na ile kazi ya karibu ameshapewa mwingine. Nikataka kumbebea sufuria hadi garini kwa mtu aliyemleta. Akakataa, akaibeba mwenyewe.

Wiki hiyo kijana wa juu aliniomba ahamie chini, maana kuna mwanga. Nikamkatalia, na sababu sikumpa. Leseni yangu inasema napangisha vyumba viwili. Napangisha kimoja.