Mheshimiwa wa Chumba cha Malaz

Laban alipokufa Riyadh, ndipo watu wa kwetu walipogundua kwamba alikuwa mtu mkubwa. Alipokuwa hai waliificha siri hiyo vizuri sana, hata yeye mwenyewe hakuijua.

Rambirambi zilimiminika kwenye simu zetu kabla machozi hayajakauka. Chuo kikuu alikokuwa naibu msajili kilimwita nguzo ya elimu. Ni chuo hicho hicho kilichobadilisha kufuli ya ofisi yake siku aliyokwenda kumzika shemeji, akarudi akakuta nguzo nyingine imekwisha kusimamishwa mahali pake. Bunge la kaunti, alikokaa muhula mmoja kama mwakilishi wa wadi yetu, lilisema limepoteza sauti ya wanyonge. Naye Mheshimiwa Elly, aliyemng'oa kwenye kiti hicho, aliandika kwamba amempoteza kaka na mshauri. Wakati wa kampeni Elly alizunguka sokoni akisema kaka huyo ni redio mbovu: hakuna aliyeiwasha na hakuna ajuaye pa kuizimia.

Hapo, tusidanganyane, Elly hakukosea sana.

Mimi naitwa Onesmus, dereva wa familia hapa Riyadh, na kwa miaka kadhaa nililala kitanda cha chini, Laban cha juu. Laban alikuwa anaongea. Chuoni ndiye aliyesoma majina ya wahitimu siku ya mahafali, na kila jina alilipa maelezo yake, mpaka mwaka mmoja mvua ikawakuta walioanzia herufi M, na wale wa W wakahitimu gizani. Bungeni spika alizoea kumzimia maikrofoni. Yeye aliendelea bila maikrofoni. Mwishowe wapiga kura wakamwonea huruma, wakaona apumzike.

Alitafuta kazi nyumbani, akaambiwa amesoma mno. Basi taifa letu, ambalo huthamini wasomi kupita kiasi, likamsindikiza uwanja wa ndege akiwa na viza ya udereva.

Bosi wake, Baba Nasser, alikaa Malaz, mtaa mmoja na sisi. Chumba cha dereva kilikuwa kimejaa mazulia ya zamani, na kwa kuwa mazulia hayapendi usumbufu, aliyehamishwa ni Laban. Akaletwa katika chumba chetu, mimi na Absalom, ambaye ni mlinzi wa jengo la ofisi. Aliingia na suti yake ya bungeni ndani ya mfuko wa plastiki, akaitundika msumarini, kisha akatupa mkono.

"Mheshimiwa Laban."

"Karibu, Mheshimiwa," Absalom akamjibu. "Kitanda cha juu ndicho kilichobaki. Ngazi hakuna."

Tangu siku hiyo hatukuweza hata kugombania unga wa ugali kwa raha. Ukifungua kinywa, anakuambia uelekeze hoja yako kwa spika, na spika ni yeye. Kazini nako jina lake lilikuwa burudani, maana kwa Kiarabu laban ni maziwa ya mtindi. Watoto wa Baba Nasser wakiingia naye dukani walimwonyesha chupa kwenye friji: "Laban, ndugu yako huyu hapa!" Naye anacheka.

"Bungeni waliniita vibaya zaidi," alituambia, "tena kwa lugha rasmi."

Kisha mama mmoja wa kijijini kwetu, Damaris, akamtumia ujumbe wa sauti. Binti yake Emmah alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Aziziya, Jeddah. Mkataba ulikwisha zamani, lakini kila akiomba kurudi kwao madam humwambia kesho, na pasipoti iko kabatini kwa madam. Damaris alikuwa amekwisha kwenda ofisini kwa Elly kuomba msaada. Alipewa fulana yenye picha ya Elly.

"Lakini Mheshimiwa," nilimwambia, "wewe ni dereva. Hapa huna wadi."

"Emmah ni wa wadi gani?"

"Ya kwetu."

"Basi."

Likizo ya shule ilipofika, Baba Nasser na mdogo wake, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini viza, walipeleka familia zao Jeddah kuvuta hewa ya bahari, sisi wawili tukiwa kwenye usukani. Alasiri moja walikwenda kupumzika kwa jamaa zao Al-Rawdah, wakatupa ruhusa. Laban akavaa ile suti, na tai juu yake. Jeddah ile, ambako hata fulana ya ndani ni adhabu.

Aliyetufungulia mlango kule Aziziya ni mwenye nyumba ya Emmah, Abu Sami, mzee mstaarabu asiyejua kilichomfika. Aliona tai, akadhani ni mtu wa ubalozi. Laban hakusema ndiyo wala siyo. Tukaketishwa sebuleni, tukaletewa kahawa na tende.

Laban alianza kwa kushukuru. Alimshukuru mwenyeji, akaishukuru kahawa, akawashukuru waliopanda mitende. Kiarabu chake kilikuwa cha dukani na Kiingereza chake cha chuoni, na vyote viwili vilipomshinda akaendelea kwa Kiswahili. Abu Sami akamwita Emmah kutoka jikoni aje atafsiri.

"Anasema nini?"

Emmah akasikiliza kwa makini. "Bado anasalimia, baba."

Baada ya salamu alipitia historia ya wadi yetu, akagusia elimu ya mtoto wa kike, akaingia kwenye mkataba wa Emmah kifungu kwa kifungu, akatoka, akarudi. Madam alichungulia mlangoni akapiga kelele, "Mafi! Haendi popote, kazi ni nyingi!" Laban akamshukuru kwa mchango wake, akaahidi kuurejelea.

Mgeni hafukuzwi. Abu Sami alilelewa hivyo, na Laban aliligundua jambo hilo mapema sana. Adhana ya magharibi ilipolia, mzee alichomoka kwenda msikitini kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, akitumaini kwamba akirudi tutakuwa tumeondoka. Alitukuta.

"Kama nilivyokuwa nikisema kabla ya sala," Laban akaendelea.

Mimi ambaye hotuba zake zilikuwa dawa yangu ya usingizi, nilimtazama pale. Jasho lilimtiririka shingoni, na sauti imeanza kukwaruza. Alikuwa akiogopa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwomba Mungu mtu huyu asinyamaze.

"Halas!" Abu Sami alishika kichwa kwa mikono miwili. "Halas, basi, ya ustadhi! Nitampa eksit aende kwao."

"Nashukuru sana," alisema Laban. "Basi kesho nitakuja tuzungumzie utekelezaji."

Mzee aliposikia kesho, alitoa simu yake pale pale. Ikama ya Emmah, kibali chake cha ukaazi, ilikuwa hai bado, kwa hiyo ruhusa ya kuondoka ilitoka kwenye simu kabla hatujainuka. Pasipoti nayo ikaletwa, ingawa madam aliitupa badala ya kuikabidhi.

Emmah alitusindikiza hadi getini akilia na kucheka. "Mheshimiwa," alisema, "ningejua maneno yako yanafanya kazi, ningekupigia kura."

Laban akasimama. "Kwani hukunipigia?"

"Nilimpa Elly."

Hakusema neno mpaka Al-Rawdah. Ndiyo safari pekee niliyowahi kusafiri naye kwa utulivu. Wiki hiyo hiyo Emmah akapanda ndege.

Laban alikufa mwaka uliofuata, asubuhi, nje ya kliniki, akiwa ndani ya gari akimsubiri mama mzazi wa Baba Nasser. Moyo, walisema madaktari. Nilipofika hospitali nilimkuta Baba Nasser amekaa kwenye kiti cha ukumbini, kilemba chake mkononi.

"Nimpigie nani kwao?" aliniuliza. "Alikuwa nani huko?"

"Alikuwa mkubwa chuo kikuu, baba. Kisha akawa mjumbe wa majlis."

"Laban? Majlis? Nilimwuliza siku moja alikuwa akifanya kazi gani kwao. Akaniambia: kuongea." Akajipangusa uso kwa kile kilemba. "Na wanangu wakimwita mtindi."

Kusafirisha maiti kutoka hapa ni ofisi juu ya ofisi, muhuri juu ya muhuri. Baba Nasser aliziendea zote kwa miguu yake, hakutuma mtu, mpaka jeneza likapakiwa. Nyumbani nako hawakulala: Elly aliunda kamati ya mapokezi, na kamati ikaunda kamati ndogo, na zote zikanywa chai.

Mazishi tuliyaangalia kwenye simu ya Absalom, tumefunga madirisha ili majirani wasisumbuliwe na nyimbo zetu. Mahema yalikuwa mengi kuliko siku zote. Mtu wa chuo alisoma maisha ya marehemu, akaruka miaka yote ya Riyadh kama dimbwi la maji, akasema tu kwamba marehemu "alikuwa ng'ambo kikazi." Elly alipopewa maikrofoni alitangaza kwamba daraja la mtoni litaitwa jina la Laban. Wanakijiji wakatazamana. Daraja la mtoni halijajengwa.

Kisha Emmah akasimama kutoka kwenye viti vya nyuma. Mshereheshaji akamkimbilia. "Dada, wewe hauko kwenye programu."

"Najua," alisema, akaichukua maikrofoni mkononi mwake. "Huyu baba alinitoa Jeddah kwa mdomo wake. Hakuwa na kiti, hakuwa na gari lake, na kura yangu hakuwa nayo. Ni hayo tu."

Mshereheshaji alikohoa, akawakaribisha waheshimiwa kwenye chakula.

Hapo simu yangu ikaita. Ni madam wangu, yalla, haraka, anataka kupelekwa sokoni. Nikavaa viatu nikatoka. Absalom ndiye aliyetazama hadi mwisho. Aliniambia kwamba msafara wa magari ya waheshimiwa uliondoka kaburi likiwa limefukiwa nusu, vijana wakaufuata, na udongo uliobaki ulimaliziwa na wanawake wa kijiji, Emmah akiwa na jembe, mama yake Damaris akipokezana naye.