Kikombe cha Ezra

Stella aliposikia mwanawe anapaliwa, alizitupa ndizi alizokuwa akimenya, akakimbilia sebuleni. Ezra, mwenye miezi mitatu, alikuwa mapajani kwa bibi yake, macho yamemtoka, maziwa yanamwagika puani. Bibi huyo, mama mkwe wa Stella, alikuwa ameshika chupa mpya.

Stella alimnyakua mtoto, akamwinamisha, akampigapiga mgongo mpaka pumzi ikarudi. Ndipo akaitazama ile chuchu ya mpira. Tundu lilikuwa limepanuliwa kwa sindano ya moto, kama wengi wanavyofanya hapo Machame uji ukigoma kupita.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemsaidia, mama Ezra. Kesho anabatizwa. Wageni watoke Dar, wamkute mjukuu wangu anabugia kikombeni kama ndama? Watasema tumeshindwa hata chupa."

Hasira ilimpanda Stella. Mtoto alizaliwa na kaakaa lililopasuka; kunyonya hawezi. Nesi alimwonyesha Stella namna ya kumkalisha mtoto wima na kumpa kwa kikombe kidogo maziwa aliyojikamua, akisubiri ameze. Madaktari hawatamshona mpaka aongeze uzito. Na kikombe chenyewe alikizungukia soko zima la Kiboriloni, wauza vyombo wakimcheka: chukua chupa dada, hii ina picha ya dubu! Kila mtu alijua mtoto apewe nini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa akamtazama akila. Upuuzi mtupu!

Kesho yake, ibada ilipokwisha na uani pamejaa wageni, shangazi Margareta wa Dar alimwona Stella anamimina maziwa kikombeni.

"Jamani, si umpeleke ndani? Watu wanakula hapa."

Bibi naye akaja mbio na khanga, amfunike mtoto uso.

Stella hakuinuka. Alikuwa mkwe wa kuitikia "ndiyo, mama" kwa kila jambo, mpaka majirani walimsifia. Siku hiyo upole ulimwishia.

"Na yeye ni mtu, shangazi, na yeye anakula! Asiyeona vizuri asogee, mpasuko ndio huu. Nikimficha ndani na chupa yenu, nitamzika."

Ezra alimeza, akalamba midomo, akadai tena. Mkono wa Stella ulikuwa unatetemeka kwa hasira, maziwa yakaanza kumwagika.

Bibi aliikunja ile khanga, akaipachika chini ya kiwiko cha Stella.

"Mpe," alisema. "Polepole, asipaliwe."