Skrini Iliyonikonyeza Mimi Peke Yangu

Skrini ilinikonyeza.

Usicheke, mjukuu wangu unayesoma hapa. Watu sita waliitazama skrini ile ile, saa ile ile, wakaniambia imetulia kama maji ya mtungini. Mimi peke yangu ndiye niliyeona mwanga ukiruka pembeni, kushoto.

Na neno langu ndilo lililotuponza.

Binti yangu wa mwisho, wenzake humwita Bisibisi, alikuwa na karakana ya kuunda skrini za kompyuta. Si skrini za hivi hivi. Zake hubadili mwendo kufuata picha: picha ikienda mbio nazo mbio, ikipoa nazo zinapoa.

Siku moja niliwatega mafundi wake watano.

"Kitendawili."

"Tega, bibi."

"Anakimbia kutwa nzima na hatoki alipo."

"Skrini yetu hiyo. Leo umetutegea chepesi."

"Chepesi kujibu, kigumu kuunda. Angalieni asijikwae anapobadili mwendo."

Kujikwaa huko ndiko mwanga kupepesa, na wakaguzi wa ubora hawasamehe. Ukifaulu vipimo vyao wanakupa nembo ya kubandika. Mnunuzi wetu, mwenye kumbi za michezo ya kompyuta, alishasema: bila nembo hachukui hata moja. Na bila yeye, karakana inafungwa mwisho wa mwezi.

Mimi pale nilikuwa na cheo. Sikuvuka darasa la saba, lakini skrini yao ya kwanza kabisa kipimo kilisema safi, mimi nikasema inapepesa. Wakapunguza mwanga, wakapima tena. Kweli.

Tangu siku hiyo hakuna skrini iliyotoka kabla sijaitazama. Kichwa kikanivimba, nisiwadanganye.

Basi mkaguzi akaja. Akachagua skrini moja mwenyewe kwenye rundo, akabandika lakiri, karatasi yake ya muhuri, juu ya skrubu za nyuma.

"Iacheni iwake hadi keshokutwa, ndipo nitaipima," akasema. "Lakiri isiguswe. Ikikatika mnaanza upya, na foleni ni miezi sita."

Nikapewa kiti niilinde.

Kesho yake asubuhi, ndipo ikanikonyeza.

"Bisibisi, hebu njoo."

Akapima. Hakuna kitu. Akapunguza mwanga, akapima tena. Hakuna.

"Mama, imetulia."

"Kushoto pale. Umeona? Hiyo tena."

"Sioni."

"Mwanangu, mimi si kipofu."

Fundi mkuu akaguna. "Dada, mashine imeshasema. Mwache bibi akapumzike."

Nikanuna. Nikageukia ukuta kama mtoto aliyenyimwa sukari.

"Hata ile ya kwanza mlisema hivyo hivyo," nikasema.

"Ikipepesa mbele ya mkaguzi tumekwisha vile vile," Bisibisi akasema. Kisha akageuza skrini, akakata lakiri.

Wakabadilisha kifaa kimoja cha ndani. Nikatazama, bado. Wakabadilisha cha pili. Bado. Mwishowe wakarudishia vile vile vya mwanzo, maana hawakujua tena wafanye nini.

Binti yangu akakaa sakafuni, vipande vya lakiri kiganjani. Nami nimekaa pale juu ya kiti, mama mzima, sina la kumsaidia.

Siku ya siku mkaguzi akafika. Akageuza skrini, akaona. Hakugomba, na hilo ndilo lililouma.

"Mmeifungua."

"Ilikuwa na kasoro," Bisibisi akasema. "Mama aliiona."

Labda alituhurumia. Alitoa mashine yake akaipima hivyo hivyo, mwendo wa polepole, wa kasi, wa kupanda na kushuka.

"Ingefaulu," akasema. "Ingefaulu vizuri kabisa."

"Baba, mbona inapepesa?" nikamwambia. "Hata sasa hivi. Kushoto."

Akanitazama mimi, si skrini. Akainama, akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi tii.

"Na sasa, bibi?"



"Bado," nikasema.

"Fumba macho."

Nikafumba. Mwanga ukaruka, kushoto, ndani ya giza langu mwenyewe.

Hospitalini daktari akatueleza kwamba ngozi ya nyuma ya jicho ilikuwa inabanduka, na mwanga ule ndio uliokuwa onyo. "Mngemleta siku aliyouona," akasema, halafu hakumalizia.

Walinifanyia upasuaji. Jicho la kushoto halikurudi.

Karakana ilifungwa mwisho wa mwezi, kama tulivyoambiwa. Mafundi watano wakatawanyika. Bisibisi ameajiriwa kwenye duka la watu, anatengeneza simu. Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu, nipate la kujibu.

Jana tu alikuwa akiniwekea dawa ya jicho.

"Mama, ile skrini niliipima mara nne," akasema. "Wewe sikukupima hata mara moja."

Nikamshika kiganja.

Wanangu, mzee akiwaambia kitu kina kasoro, kikagueni. Mkikuta kizima, msimbishie wala msimbembeleze: mpelekeni yeye mwenyewe akapimwe, siku hiyo hiyo. Nawe mzee mwenzangu unayesifiwa kuona wasichokiona wengine, wakikwambia hawakioni, usinune. Inuka uende.