Alama Nyuma ya Pazia

Dada yangu ni fundi wa mashine za kushonea viwandani, na kwa miaka sita kazi imemhamisha nchi tano, yeye na wanawe wawili. Kila nyumba ya kupanga, kabla hata ya kufungua mabegi, alitundika pazia lile lile la bluu linalogusa sakafu. Upande wa nyuma wa kitambaa chake aliweka alama za kimo cha watoto kwa kalamu, maana mlango wa mwenye nyumba huwezi kuondoka nao.

Nchi ya tatu dari ilikuwa chini, akakata pindo la chini bila kufikiria zile alama. Mwaka ule watoto "walirefuka" shibiri nzima, na yeye, fundi mzima, akanipigia simu kujisifu! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Juzi wamerudi. Dada alijilaumu tangu uwanja wa ndege: wanawe hawana mlango wao wenye alama. Mama yetu akampeleka mjukuu mdogo kwenye mlango wa jikoni, akamwonyesha mistari ya kimo cha dada, tangu alipoanza kutembea hadi alipoolewa.

Mtoto akaitazama yote, kisha akamshika mama yake mkono.

"Pole, mama," akasema. "Kumbe wewe hawakukupeleka popote."